Bi Furaha, Aliyenunuliwa kwa Kikapu cha Maharage

Jua bado halijauvuka mgongo wa Uluguru, lakini sokoni Morogoro Bi Furaha ameshakunja mkeka wake na kufagia mahali alipolala. Sasa ameegemea nguzo ya tatu, upande wa mlimani. Mbele yake pana rundo la majani makavu ya mgomba, yaliyonyunyiziwa maji ili yasivunjike. Mpagazi mmoja mwenye mvi amesimama mbele yake, lakini Bi Furaha hamtazami uso. Anamtazama utosi.

"Inama," anamwambia.

Mpagazi anainama. Bi Furaha anapitisha kiganja juu ya kichwa chake mara moja tu, kisha anaanza kusokota. Vidole vinakwenda, mdomo nao hausimami, na kabla hajamaliza kumsema yule mzee kwa kichwa chake kilichochongoka, ngata iko tayari. Mzee anaiweka kichwani, anajitwika gunia la chumvi, anatikisa shingo. Gunia halichezi. Anatoa sarafu ya hela moja na kushika njia ya Mgeta.

Reli imefika Morogoro, huu ni mwaka wa tatu, na walioko mbali hudhani kazi ya kubeba mzigo kwa kichwa imekwisha. Na waje waone. Gari la moshi linakuja mpaka hapa, linapiga mluzi, linageuza. Kuanzia hapa kwenda juu ni miguu ya watu na vichwa vya watu, na kila kichwa kinataka ngata.

"Ngata ya tambarare si ngata ya mlima," Bi Furaha anaeleza. "Ukipanda, mzigo unataka kurudi nyuma. Basi nyuma naweka nene, mbele nyembamba. Asiyejua hilo atakuuzia kitu cha duara, uvunjike shingo ukifika kwenye mawe."

Siku njema huuza ngata ishirini. Siku ya mvua huuza nne, au asiuze kabisa. Chakula chake hakizidi hela nne kwa siku, na nyumba hana. Analala pale pale anapofanyia kazi, chini ya paa la soko, pamoja na wanawake wa mlimani wanaoteremka na mboga na tumbaku mkesha wa siku ya soko, na watu wengine wawili watatu ambao hawana pa kwenda.

Mwandishi wa habari hii alifika kwake mara ya kwanza akiwa na mwavuli. Bi Furaha alimuuliza kabila. Alipojibu kwamba ni Mzaramo, bibi alinyoosha mkono, akauchukua mwavuli na kuuweka nyuma ya nguzo. Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, na mali ya mtani haina mlango. Mwavuli huo haujarudi hadi leo, na wala hautarudi.

Jina alilopewa na mama yake ni Kalunde. Alizaliwa Unyanyembe. Jina la Furaha alilipata njiani, katika msafara, kwa kuwa alikuwa akiimba hata pale ambapo wenzake walikuwa wakilia. Mume wake, Stambuli, alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu, naye Bi Furaha alifuatana naye na sufuria, mkeka na unga kichwani. Walikwenda Bagamoyo na kurudi mara kumi na moja. Anazihesabu kwa vidole na vya miguu vinahusishwa.

"Mara ya kumi na mbili hatukurudi," anasema.

Homa ilimshika Stambuli hapa Morogoro, katika kambi ya wapagazi, mwaka ule ule reli ilipoingia. Mnyamwezi akifa ugenini hafi peke yake ikiwa watani wako karibu. Waluguru ni watani wa Wanyamwezi tangu zama za misafara, na ndio waliochimba kaburi la Stambuli, ng'ambo ya mto. Aliyeongoza shughuli ni mkulima mmoja wa Mgeta aitwaye Pazi. Alimtukana marehemu tangu kambini hadi kaburini, akisema Mnyamwezi huyu amekufa kwa makusudi ili asilipe tumbaku aliyovuta bure. Bi Furaha anasema siku ile, katikati ya machozi, alicheka mpaka akashika mbavu.

Baadaye kambi ilivunjwa, mahali pake pakajengwa maghala. Wapagazi wengi walirudi kwao. Bi Furaha hakurudi.

"Nimwache Stambuli na nani?" anauliza. "Pazi aliniambia twende kwake Mgeta, nikakataa. Kule baridi. Tena nani atanunua ngata juu mlimani, mtu ameshafika? Ngata hununuliwa mzigo unapoanza."

Basi akahamia sokoni. Alikaa hapo kwa amani hadi kabla ya masika ya mwaka huu, ilipotoka amri kuhusu watu wanaolala mahali pa wote: sokoni, stesheni na kando ya barabara. Amri ilisema mtu yeyote atakayeonekana amelala huko, naye hana nyumba mjini wala hana mwenyewe wa kumjibia, ataondolewa na kupelekwa kambi ya barabara upande wa Kingolwira, akapewe kazi na mahali pa kulala. Huenda aliyeitoa alidhani anawafanyia watu wema. Lakini mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kuvunja kokoto Kingolwira, mbali na kaburi la mumewe, ni wema gani huo?

Karani aliyepewa daftari la kuandika majina aitwa Mikidadi. Ni mzaliwa wa Ngazija, mtu safi, mwandiko wake unapendeza kuliko hati ya kitabu, na wakati ule alikuwa na wiki tatu tu Morogoro. Akili anayo nyingi. Ila kwao hakuna utani wa makabila, na hilo hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Alifika sokoni asubuhi ya siku ya soko, na askari mmoja. Akamsalimu Bi Furaha shikamoo kwa heshima zote, akafungua daftari, akauliza: mwenyewe ni nani? Walioshuhudia wanasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Bi Furaha akikosa neno.

Pazi alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, anapanga maharage yake. Alimwona mtani wake amebanwa, na akafanya kile ambacho Mluguru yeyote angefanya. Akaja akijishika kiuno.

"Huyu bibi kizee ni mtumwa wangu," alisema. "Nilimnunua kwa kikapu cha maharage, na tangu siku hiyo najuta, maana maharage yalikuwa mazuri."

Soko zima likacheka. Bi Furaha naye akapata ulimi wake, akajibu kwamba kikapu chenyewe kilikuwa kimetoboka. Askari akacheka pia. Karani Mikidadi hakucheka. Alichovya kalamu na kuandika kwa ule mwandiko wake mzuri: Furaha, mtumwa wa Pazi wa Mgeta, bei kikapu kimoja cha maharage. Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari, akaenda zake.

Waswahili husema mzaha mzaha hutunga usaha. Usaha ulianza kutoka siku ya pili, wakati Pazi alipoitwa.

Sheria ya serikali yakataza kununua mtu. Waliokuwa watumwa tangu zamani wana haki ya kujikomboa, lakini kununua, leo hii, ni kosa la minyororo na viboko. Na hapa pana daftari, pana jina, pana bei, na maneno yametoka kinywani mwa mnunuzi mwenyewe mbele ya soko zima. Pazi akaambiwa afike kwenye shauri siku ya nne, mbele ya Bwana Shauri, mwamuzi wa serikali, ajieleze.

Sasa tazama jinsi kamba ilivyojifunga. Pazi akisema ni kweli alimnunua, atachapwa viboko na kutiwa minyororo. Akisema yalikuwa maneno ya utani tu, basi Bi Furaha hana mwenyewe wa kumjibia, na njia yake ni ya Kingolwira. Hapakuwa na mlango wa tatu, au angalau wao hawakuuona.

Siku zile tatu Bi Furaha hakusokota ngata hata moja. Pazi naye hakupanda kwenda kwake. Alikaa naye pale penye nguzo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hawakutukanana.

"Aliniambia, 'Nikikana, wewe unachukuliwa. Basi nitakubali, nichapwe,'" Bi Furaha anasimulia. Hapa anaacha kusokota, na macho yake yanalowa bila kuficha. "Ana mke huyu, ana watoto sita, ana shamba limeiva. Nikamwambia, wewe mpumbavu, ukishavunjwa mgongo nitamtania nani?"

Walikubaliana jambo moja tu: kwamba Bi Furaha ndiye atakayesema kwanza.

Siku ya shauri baraza ilijaa. Wanawake wa mlimani waliacha mboga zao wakaja wote. Bwana Shauri alikaa mezani, wazee wa baraza wakakaa pembeni, na karani Mikidadi akasoma daftari lake. Aliposoma bei, watu wakaguna. Bwana Shauri akamuuliza Bi Furaha kama ni mtumwa.

Hakujibu kwa maneno. Alimwendea Pazi, akamvua kofia akaivaa yeye. Akamnyang'anya bakora. Kisha akachukua kikapu cha maharage ambacho Pazi alikuwa amekuja nacho, akakiweka miguuni pake mwenyewe na kukikalia. Pazi aliachwa kichwa wazi mbele ya serikali, mikono ameifunga nyuma, anatazama chini.

Bwana Shauri alikasirika. Akamwambia Pazi kwamba mwanamke huyu amemnyang'anya mali mbele ya macho yake, na kama anataka kushitaki, ashitaki sasa.

"Nitamshitaki vipi, bwana mkubwa?" Pazi alisema. "Huyu ndiye aliyelala kaburini mwa mama yangu."

Ikabidi wazee waeleze, na walieleza vizuri. Mama yake Pazi alipofariki, Bi Furaha alipanda Mgeta siku nzima kwa miguu. Kaburi lilipokwisha chimbwa, kabla maiti hajaletwa, aliruka ndani akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe kuku ambaye marehemu alimwahidi. Mwalimu wa msikiti alinuna, kisha naye akashindwa kujizuia. Pazi, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka, akatoa kuku, kisha akaomba chakula. Ndiyo kazi ya mtani, wazee walisema. Anakutukana ukiwa mzima, anachukua kitu chako bila kuuliza, na siku ya msiba ni yeye anayekushika usianguke. Mtani akisema amekununua, maana yake hakuna mwingine anayeweza kukugusa.

Bwana Shauri akauliza swali moja, na tangu siku hiyo watu wa soko wanalirudia kama wanavyorudia methali. Mwanamke huyu akiugua, nani anamuuguza?

Shamsia, muuza tumbaku kutoka juu, akasimama. Akasema mwaka jana Bi Furaha aliposhikwa na homa, wanawake wa mlimani walipokezana kumpikia uji siku saba, na kwa kuwa ni mtani wao walimtilia pilipili kwa makusudi.

"Na akifa, nani anamzika?"

"Mimi," alisema Pazi.

Hakuna aliyecheka. Bi Furaha anasema alisikia neno hilo moja likiingia kifuani, na kwamba tangu Stambuli afe hakuwahi kujua kuwa alikuwa akiogopa jambo hilo hasa, kufa bila wa kumzika.

Hukumu ilitolewa papo hapo. Neno mtumwa lifutwe, mahali pake liandikwe mtani. Mtu mwenye wa kumuuguza na wa kumzika si mtu asiye na mwenyewe, hata kama hana nyumba. Mtu wa namna hiyo, akiwa ameandikwa na karani, alale chini ya paa la soko bila kubughudhiwa, mradi asiwashe moto chini ya paa na aondoe mkeka wake kabla soko halijafunguliwa. Na si yeye peke yake, ila kila mtu atakayepata wa kumjibia namna hiyo hiyo. Pazi akaachiliwa. Alipoomba arudishiwe kofia yake, Bi Furaha alimwambia arudi mwakani.

Karani Mikidadi alimwandikia cheti. Bi Furaha hajui kusoma, lakini cheti anajua kukitunza. Alikikunja mara nne, akakizungushia majani ya mgomba, akakisokota ndani ya ngata yake mwenyewe, ile anayovaa yeye akienda kuteka maji. Askari mgeni akija kumuuliza, huivua na kumwambia aifungue ikiwa ataweza kuisokota tena. Hadi sasa hakuna aliyethubutu.

"Wengine wanaweka sheria kabatini," anasema. "Yangu naibebea mtungi."

Lakini hukumu hiyo haikumfikia kila mtu. Chini ya paa lile kulikuwa pia na Kasiani, Mngoni, mtu mkimya ambaye vita na njaa ya kusini vilimmalizia jamaa zake wote. Anabeba magunia stesheni na hana mtu hata mmoja mlimani wala mjini. Karani alipopita tena na daftari lake, mwezi mmoja baada ya shauri, Kasiani alikuwa ameshafunga kifurushi chake mwenyewe, anangoja kuambiwa aondoke.

Mwandishi wa habari hii alikuwapo siku hiyo, akijaribu kwa mara ya tatu kudai mwavuli wake. Alimwona Bi Furaha akisimama, akijipangusa majani, akienda kusimama kati ya karani na yule Mngoni.

"Babu zake huyu waliwaiba ng'ombe wa babu zangu," alisema. "Mwizi mkubwa. Ni mtani wangu, haendi popote mpaka ng'ombe warudi."

Kasiani alimtazama asielewe. Karani Mikidadi alielewa. Alikaa juu ya gunia, akafungua daftari, akachovya kalamu kwenye wino, na kwa uso usio na hata chembe ya tabasamu akauliza:

"Huyu ulimnunua kwa kikapu cha nini, mama?"

"Andika bure," alijibu Bi Furaha, "na bado nimepata hasara."

Kasiani alifungua kifurushi chake. Alikwenda mtoni akamletea bibi mtungi wa maji, naye Bi Furaha akamtukana kwa kuujaza nusu. Kalamu ya karani ilikuwa bado inaandika. Siku hizi daftari lile lina majina kumi na manne, na katika safu ya mwenye kujibu, jina la Furaha limeandikwa mara tano. Mikidadi mwenyewe amezoea. Wiki iliyopita Shamsia alimchukulia kalamu, naye hakudai.

Je, Bi Furaha hataki nyumba? Anasema nyumba ni kitu kizuri na akipewa hatakataa, lakini hiyo si hamu yake. Anachotaka ni kuzikwa ng'ambo ya mto, karibu na Stambuli, na kwa jambo hilo amekwisha kujiandaa.

Nyuma ya duka la Mahendra, mfanyabiashara anayenunua ngata zake kwa jumla, kipo kikapu kimeninginizwa juu, panya wasikifikie. Ni kile kile alichomnyang'anya Pazi mbele ya Bwana Shauri. Kimejaa maharage. Bi Furaha anajua kwamba siku yake ikifika, Pazi atashuka kutoka Mgeta, ataruka ndani ya kaburi, atalala chali na kudai maharage yake. Hataki watu wahangaike kuyatafuta jua likiwa limewaka.

Maharage hayakai miaka. Kila mavuno mapya yakishuka kutoka mlimani, Bi Furaha hukishusha kikapu, hutia maharage mapya, na ya zamani huyapika nje ya soko kwa sufuria ile ile iliyokwenda Bagamoyo. Hula Kasiani, hula wanawake wa mlimani, hula karani akipita. Mara ya mwisho mwandishi huyu naye alikula, akiwa amelowa mvua, kwa sababu mwavuli ulikuwa umefunika sufuria.

"Sijafa," anasema Bi Furaha akigawa kwa upawa. "Basi njooni tule."